Nimechomwa sindano za hipsi Jumamosi, sindano mpya ila kichupa kimoja na shoga yangu. Nina muda gani?

#1 Tausi wa Goba (Jumatatu, saa 4:02 usiku)
Wakuu habari zenu. Naandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwambia, na shoga yangu niliyeenda naye anacheka tu anasema napenda kujitisha.

Jumamosi saa tisa alasiri tulienda kwa dada mmoja anachoma sindano za kuongeza hipsi, siyo hospitali siyo saluni, ni apatimenti tu ghorofa ya pili, sebuleni kuna kitanda cha masaji na kalenda ya benki ukutani. Tulimpata kwenye grupu la WhatsApp, bei yake nusu ya wenzake, tukajiona wajanja. Akaanza shoga yangu. Mimi nimekaa kwenye stuli nasubiri zamu, namwona anavuta dawa kwenye kichupa, anachoma, bomba likiisha anairudisha sindano ileile kwenye kichupa kilekile anavuta tena. Kichupa hakina lebo, kuna alama ya gundi tu pale ilipobanduliwa. Pamba zenye damu anaziweka kwenye kisahani cha chai.

Ilipofika zamu yangu alichana sindano mpya, hiyo niliiona kwa macho yangu. Ila bomba sikumbuki kama alibadilisha, na dawa ni ileile iliyobaki. Nimechomwa tatu kulia tatu kushoto.

Leo upande wa kulia kuna kitu kigumu kama yai la kienyeji, kina moto, nikilala ubavu huo naruka. Jana usiku joto lilifika 37.9. Lakini jipu siliogopi sana, naogopa ngoma, ukimwi. Shoga yangu sijui hali yake, hatujawahi kupima pamoja. Je kwa kichupa tu mtu anaweza kupata? Na zile dawa za PEP, za kuzuia VVU baada ya kuchomwa, nasikia zina muda, nimeshachelewa? Nina miaka 29, sina mtoto bado. Msinitukane jamani, nimeshajitukana vya kutosha.

#2 Kibiriti Upele (saa 4:05 usiku)
Nimekaa paleee na karanga zangu. Picha ya kabla na baada iko wapi?

#3 Mama Wawili (saa 4:09 usiku)
#2 wewe una laana yako peke yako. Mtoto wa watu analia unataka picha.
Tausi mdogo wangu usisubiri uzi huu ufike kurasa kumi, kesho alfajiri uwe hospitali. Homa na kitu cha moto havisubiri.

#4 Mzee Tembele (saa 4:14 usiku)
Vijana mnatishana sana. Sisi shuleni alikuja bwana afya na bomba moja la kioo, sindano imechemshwa kwenye sufuria ya ugali, likachoma darasa la kwanza mpaka la saba na sote tupo tunakula pensheni. Bibie kanywe maji ya moto ulale. Kama sindano ilikuwa mpya habari imeishia hapo.

#5 Fundi Hadubini (saa 4:31 usiku)
Niko maabara mwaka wa kumi na moja huu. Naomba nimjibu mleta uzi kwanza halafu nije kwa mzee wangu #4.

Sindano mpya kwenye bomba la zamani haikusaidii kitu. Ukichoma mtu, damu kidogo inaweza kurudi ndani, wakati mwingine huioni kwa macho. Ukibadilisha sindano tu, ile iliyorudi bado iko kwenye bomba. Na sindano iliyoingia mwilini ikirudi kwenye kichupa, hapo kichupa chote kihesabu kimechafuka, hata wa baada yako akija na sindano na bomba lake toka nyumbani. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, kwa kichupa inawezekana.

Inawezekana kwa kiasi gani? Kwa wahudumu wa afya waliojichoma kwa sindano ya mtu ambaye anajulikana ana VVU, wanaoambukizwa ni kama 3 kwa kila 1000. Homa ya ini C ilikuwa ikihesabiwa kama wawili kwa 100, hesabu za karibuni ni ndogo zaidi. Homa ya ini B ndiyo baba lao, kwa asiyechanjwa ni 6 mpaka 30 kwa 100 kutegemea na wingi wa virusi kwa yule mwenye damu. Umeona wewe unaogopa mdogo mtu na kaka yake amekaa kochini.

PEP ni ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, unameza siku 28. Kwa hesabu yangu hujachelewa.

Mzee #4, hiyo hiyo ya bomba la kioo Misri walifanya miaka ya 1950 mpaka 1980 kutibu kichocho kwa sindano, mabomba yanarudiwa hayajachemka sawasawa. Kichocho kilipungua ila homa ya ini C ikaingia mpaka Misri ikawa miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi kuliko zote duniani. Inakaa kwenye ini miaka ishirini kimya. Pensheni kula ila kapime.

#6 Mzee Tembele (saa 4:36 usiku)
Sasa unanitisha na mimi.

#7 Mbeba Boksi (saa 4:40 usiku)
Niko Minnesota huku nimetoka shifti. Dada kama ilikuwa Jumamosi saa 9 basi kesho saa 9 ndiyo mwisho, umebakiwa na masaa kama 11 tu, amka uende SASA HIVI.

Halafu wanaosema haijawahi kutokea waulizeni watu wa New Mexico huku Marekani. 2018 spa moja pale Albuquerque ilikuwa inafanya ile fesho ya damu, wanakutoa damu wanaizungusha kwenye mashine wanakurudishia usoni kwa visindano. Mama mmoja hana tabia yoyote ya hatari akakutwa na VVU. Wakaguzi walipoingia wakakuta vichupa vya damu havina majina kwenye kaunta ya jikoni, vingine kwenye friji pamoja na chakula, na mabomba yaliyofunguliwa yamezagaa kwenye madroo. 2024 CDC, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, wakaandika ripoti kuwa ni mara ya kwanza uchunguzi kuhusisha maambukizi ya VVU na sindano za urembo. Mwenye spa hakuwa na leseni na alifungwa.

#8 Njeri wa Githurai (saa 4:44 usiku)
Mbeba Boksi umekaa majuu mpaka umesahau saa za kwenu 😂 saa tisa ALASIRI, sio saa tisa ya mzungu. Jumamosi alasiri mpaka sasa ni masaa 55, amebaki na 17. Usimuue huyu dada na presha.

#9 Mbeba Boksi (saa 4:46 usiku)
Aisee kweli. Naomba radhi. Ila aende tu.

#10 Jicho la Tatu (saa 4:52 usiku)
Mimi naona hii chai. Mtu ana homa tangu jana na anaogopa ukimwi halafu anaandika vizuri hivi na mpaka kalenda ya benki kaikumbuka. Halafu virusi vya ukimwi vikipigwa na hewa vinakufa sekunde hiyohiyo, hilo tulifundishwa sekondari.

#11 Fundi Hadubini (saa 4:58 usiku)
#10 mwalimu wako alikuwa anaongelea damu iliyomwagika mezani ikakauka. Ndani ya bomba damu haikauki na hewa haiingii, virusi vinaweza kukaa siku kadhaa. Vya homa ya ini B vinakaa hata kwenye damu iliyokauka siku saba na bado vinaambukiza.

Mleta uzi nina swali moja muhimu. Wakati mnafika, kabla shoga yako hajachomwa, hicho kichupa kilikuwa kimejaa?

#12 Tausi wa Goba (saa 5:07 usiku)
Hapana. Mungu wangu. Kilikuwa kimepungua, kama robo hivi haipo. Sijawahi kuliwaza hilo mpaka umeuliza.

#13 Mama Wawili (saa 5:09 usiku)
Basi na shoga yako anayecheka na yeye yumo. Mpigie.

#14 Tausi wa Goba (saa 5:21 usiku)
Nimempigia kakata. Nimemwandikia meseji kaisoma. #10 kalenda nimeikumbuka kwa sababu niliikodolea macho dakika kumi nzima nimelala kifudifudi, ni Julai ya mwaka juzi hawajaibandua.

#15 Mpemba wa Wete (saa 5:25 usiku)
Dada'angu pole. Mie naona mnamzungumzia ukimwi tu na yule yai pembeni hana mwenyewe. Shemeji yangu alichomwa hizo Kariakoo, alikuwa na uvimbe hivohivo siku ya pili, akawekewa barafu ukaisha wenyewe. Ni mwili unakataa kitu kigeni. Homa kidogo ni kawaida.

#16 Nesi Mstaafu (saa 5:38 usiku)
#15 shemeji yako Mungu kamsaidia, usigeuze kuwa dawa. Uvimbe wa siku ya kwanza unaopungua ndiyo wa kawaida. Huyu unaongezeka, una moto, una homa. Hiyo kwa sisi tuliokaa wodi ya upasuaji ni bakteria mpaka ithibitike vinginevyo, wale wa kwenye ngozi ambayo haikufutwa spiriti au wa kwenye hicho kichupa. Chukua kalamu ya bluu chora mpaka wa wekundu ulipoishia sasa hivi uandike na saa. Asubuhi ukikuta wekundu umevuka mstari, au unatetemeka kwa baridi, mapigo yanakimbia, kichwa hakieleweki, usipite CTC, kliniki ya VVU, kwanza, ingia dharura. Na USIKANDE, usikamue, usiweke majani ya mwarobaini. Niliona mtu kakamua jipu la kalio na kijiti cha meno tukakata nyama kiganja kizima.

Pepopunda ulichanjwa lini?

#17 Tausi wa Goba (saa 5:44 usiku)
Shuleni nadhani. Nimechora mstari kwa kalamu ya kope, ndiyo niliyokuwa nayo.

#18 Kibiriti Upele (saa 5:46 usiku)
Kalamu ya kope 😭 wanawake mtafika mbinguni mmejipamba.
Ila serious dada nenda. Mimi 2019 nilijichoma na sindano iliyokuwa kwenye takataka nikiwa nazoa jalala, nilimeza hizo dawa siku 28. Kichefuchefu wiki ya kwanza, usingizi wa mang'amung'amu, mengine fresh. Kilichoniua ilikuwa kukaa benchi la CTC, jirani yangu akapita akaniona akanisalimia kwa huruma mpaka leo ananisalimia kwa huruma.

#19 Tausi wa Goba (saa 5:53 usiku)
Hilo ndilo linalonikwamisha kusema kweli. Hospitali ya karibu na kwetu dada wa mapokezi ni wa jumuiya yetu kanisani.

#20 Njeri wa Githurai (saa 5:57 usiku)
Si uende ya wilaya ingine? Boda ni pesa ngapi jamani. Aibu ya siku moja.

#21 Bwana Nzi (saa 6:10 usiku)
Naomba nitofautiane na wengi. Hizi PEP siyo pipi. Mnamwambia mtu ameze dawa mwezi mzima kwa kitu cha 3 kwa 1000, tena hiyo 3 ni kama mwenye damu anao kwa hakika. Hapa hatujui kama shoga anao, hatujui waliotangulia wanao, damu kama iliingia imechanganyika na dawa kichupa kizima. Ukizidisha zote unapata kitu kidogo kuliko ajali ya boda atakayopanda kwenda huko. Mimi naona homa hii nusu ni woga. Mtu akiogopa joto linapanda, moyo unakimbia, nimeshuhudia kwa mke wangu kila kipimo cha mimba.

#22 Fundi Hadubini (saa 6:19 usiku)
#21 hesabu yako siyo mbaya, hata daktari ataipiga hivyohivyo. Tofauti ni kwamba umezidisha mtu mmoja. Kichupa kimepungua robo, hatujui walikuwa watu wangapi, na bomba lilikuwa linarudi ndani kila mara. Kule Cambodia kijiji kinaitwa Roka, mwisho wa 2014, mganga mmoja asiye na leseni alikuwa anarudia sindano, wakakutwa zaidi ya watu 200 wana VVU, watoto kwa wazee, alifungwa miaka 25. Wote hao ukiwapigia hesabu mmojammoja utasema ni ndogo.

Na woga haufanyi kalio liwe na moto upande mmoja.

#23 Bwana Nzi (saa 6:22 usiku)
Kule alichoma miaka, hapa mara moja. Nimesimama nilipo.

#24 Dk wa Zamu (saa 6:47 usiku)
Nasoma kimya toka mwanzo, niko zamu. Nyongeza chache.
Kabla ya kumeza PEP omba wakupime na homa ya ini B, usiache. Ndani ya hizo dawa kuna tenofovir na lamivudini ambazo zinakandamiza virusi vya homa ya ini pia, sasa kama unavyo bila kujua ukameza siku 28 halafu ukaacha ghafla, ini linaweza kuwaka. Kama huna, omba chanjo hapohapo. Chanjo ya B ukipata ndani ya saa 24 ndiyo bora lakini mpaka siku ya saba bado ina maana. Tanzania watoto walianza kuchanjwa 2002, wewe wa miaka 29 umezaliwa kabla, kwa hiyo usijidanganye kuwa unayo. Ni dozi tatu, leo, mwezi mmoja, mwezi wa sita.

Ukifika usimung'unye maneno. Sema nimechomwa sindano kwa bomba lililotumika kwa mtu mwingine, Jumamosi saa tisa. Taja saa.

#25 Tausi wa Goba (Jumanne, saa 11:40 alfajiri)
Sijalala. Wekundu umevuka mstari kama upana wa kidole. Natoka.

#26 Mama Wawili (saa 11:48 alfajiri)
Nenda mama. Tupo.

#27 Jicho la Tatu (saa 3:15 asubuhi)
Wakati tunasubiri, hivi TFDA, wale wa chakula na dawa, wako wapi? Mtu anachoma watu sebuleni na mamlaka ipo.

#28 Mzee Tembele (saa 3:30 asubuhi)
TFDA haipo bwana, tangu 2019 ni TMDA, dawa na vifaa tiba. Vipodozi na chakula vilihamia TBS, shirika la viwango, mwaka huohuo. Sasa uniambie ile dawa ya kichupa isiyo na lebo ni dawa au kipodozi, kila mmoja atasema ya mwenzake.

#29 Nesi Mstaafu (saa 3:41 asubuhi)
Kinachochomwa kwa sindano si kipodozi hata kikiwa cha kuongeza hipsi. Na mchomaji ni suala jingine, daktari anasajiliwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Hospitali ya Mloganzila siku hizi wanafanya upasuaji wa kurekebisha maumbile, mtu akitaka kweli apange foleni kule.

#30 Kibiriti Upele (saa 3:44 asubuhi)
Bei ya Mloganzila ndiyo inawapeleka sebuleni.

#31 Binti Muscat (saa 4:20 asubuhi)
Asalaam alaykum. Mimi nafanya kazi Oman, huku mabosi wetu wanapiga gluta, sindano za kung'arisha ngozi, wanalipa vizuri klinik. Sisi wafanyakazi tunapigwa na mwenzetu chumbani siku ya Ijumaa, anakuja na mkoba. Bomba anatumia moja kwa watu wanne anabadilisha kisindano cha mbele tu. Nimesoma #5 nimekaa chini. Nimepigwa mara nne mwaka huu. Saa 72 zangu zimepita zamani.

#32 Fundi Hadubini (saa 4:33 asubuhi)
#31 dada kwako PEP haipo tena, kwako ni kupima tu, VVU, B na C. Ya mwisho ilikuwa lini? Kama imepita miezi mitatu kipimo cha haraka kinakupa jibu la kuaminika. Na acha kupigwa kuanzia Ijumaa hii.

#33 Binti Muscat (saa 4:35 asubuhi)
Ya mwisho mwezi wa Ramadhani. Huku nikipima nikakutwa nayo wananirudisha nyumbani.

#34 Tausi wa Goba (saa 8:26 mchana)
Nimerudi. Niwape mrejesho kwa kifupi mkono unatetemeka.

Hospitali ya kwanza dirishani nikaambiwa PEP ni kwa wafanyakazi wa afya na waliobakwa, "wewe ulijipeleka mwenyewe". Nikatoka nje nikalia kwenye bajaji, dereva akanipa tishu hakuuliza kitu. Nikaenda ya pili wilaya nyingine, nikafanya kama alivyosema #24, nikataja saa. Daktari kijana, hakunishangaa. VVU hakuna, homa ya ini B hakuna. Nimemeza kidonge cha kwanza saa saba na dakika kumi mchana. Nimechanjwa ya ini na ya pepopunda. Uvimbe wamesema jipu linaanza, nimepewa antibayotiki, kesho narudi waangalie kama wapasue.

Shoga yangu kapokea simu saa nne asubuhi. Kasema yeye haumwi popote.

#35 Kibiriti Upele (saa 8:30 mchana)
Saa 70 na dakika kumi. Goli la dakika za majeruhi. Hongera dada.

#36 Mama Wawili (saa 8:31 mchana)
Namshukuru Mungu. Huyo wa dirishani wa kwanza namuombea naye apate mtu wa kumjibu hivyo siku akiwa na shida. Shoga ana dakika chache tu zimebaki, mwambie tena.

#37 Tausi wa Goba (saa 9:20 alasiri)
Nimemwambia. Muda wake umepita sasa hivi.

#38 Mteja Mpya (Jumatano, saa 1:12 jioni)
Habari. Naomba namba ya huyo dada wa hipsi na bei yake ni shingapi, niko Mbagala.

#39 Kibiriti Upele (saa 1:13 jioni)
😂😂😂😂 Tanzania sihami.

#40 Nesi Mstaafu (saa 1:20 jioni)
Wewe #38 umesoma kichwa cha uzi tu?

#41 Mteja Mpya (saa 1:24 jioni)
Nimesoma wote. Nitaenda na bomba langu na kichupa nitamwambia afungue kipya. Mwenzenu niko kwenye ndoa ya mitala, nyie hamjui.

#42 Mpemba wa Wete (saa 1:40 jioni)
Na hicho kipya kina nini ndani? Ikiwa ni silikoni ya maji ile, hata bomba litoke kiwandani sasa hivi, ikiingia kwenye mshipa inakwenda mapafuni. Kule Marekani FDA, mamlaka yao ya dawa, hawajawahi kuiruhusu kuchomwa kwa ajili ya makalio, wametoa onyo 2017.

#43 Njeri wa Githurai (saa 2:02 usiku)
Huku Nairobi kuna wanaochoma mafuta tu, aki mafuta ya kupikia. Mtu anatembea na chipo kwa hipsi.

#44 Tausi wa Goba (wiki ya sita, Jumapili, saa 3:10 usiku)
Wakuu mrejesho. Dawa nilimaliza siku 28 sikuruka hata moja, niliweka alamu ya saa mbili usiku nikimwambia mama ni ya kukumbuka tamthilia. Jipu lilipasuliwa siku ya tatu, limefunga. Juzi nimepima VVU wiki ya sita, hakuna. Dozi ya pili ya chanjo nimechoma.

Sasa kuna jingine. Upande wa KUSHOTO, ule uliokuwa mzima, vimeanza kutokea vinundu vitatu, palepale sindano zilipoingia, vya rangi ya zambarau, haviumi sana, kimoja kimetoboka kinatoa maji. Antibayotiki nimerudia dozi mbili havisikii.

#45 Bwana Nzi (saa 3:22 usiku)
Mimi nilisema woga, hili sasa siyo woga, nakubali. Nadhani ni ile dawa yenyewe imeganda, mwili unaitoa.

#46 Mpemba wa Wete (saa 3:25 usiku)
Ndo niliyosema #15, mwili unakataa kitu kigeni.

#47 Fundi Hadubini (saa 3:50 usiku)
Inawezekana mnachosema. Ila wiki sita, vinundu kwenye matundu ya sindano, dawa za kawaida hazigusi, mimi nawaza bakteria ndugu wa kifua kikuu, Mycobacterium abscessus na wenzake. Wanakaa kwenye maji ya bomba na udongo. Wamarekani waliokwenda kufanyiwa urembo Jamhuri ya Dominika walirudi na vitu kama hivi, vinachelewa wiki mpaka miezi. Dawa zake unameza miezi. Mwambie daktari akate kipande apeleke kuotesha, na aandike kwenye fomu kwamba anatafuta hawa, maana wasipoambiwa wataangalia siku mbili waseme hakuna kitu.

#48 Mbeba Boksi (saa 4:01 usiku)
Si apime na ile mashine ya TB, GeneXpert, ziko wilaya nyingi?

#49 Fundi Hadubini (saa 4:04 usiku)
Ile inatafuta TB yenyewe. Ndugu zake hawa haiwaoni, itasema hakuna na mtu atarudi nyumbani ameridhika.

#50 Dk wa Zamu (saa 5:30 usiku)
Naunga mkono kuotesha. Ila #45 asipuuzwe, mwili ukizunguka kitu kigeni unafanya vinundu vilevile, hata kwa macho siwezi kukutofautishia. Ultrasaundi ifanyike pia. Na ukianza kukosa pumzi au kifua kubana wakati wowote, ingia dharura, hata iwe usiku.

Kipimo cha VVU cha wiki ya sita usikifanye cha mwisho. PEP inaweza kuchelewesha majibu, hesabu miezi mitatu toka siku uliyomaliza dawa.

#51 Mzee Tembele (saa 5:41 usiku)
Mimi nilikwenda kupima ile C ya Misri. Sina. Ila kwenye foleni nimekutana na wenzangu wawili wa darasa letu, mmoja anayo.

#52 Tausi wa Goba (saa 5:55 usiku)
Mzee pole, mwambie kuna dawa siku hizi wamesema inapona.
Miezi mitatu toka nimalize ni mwezi wa kumi. Jumatano naenda kukatwa kinundu. Shoga yangu kasema atanisindikiza, atanisubiri nje kwenye benchi. Nilimuuliza na wewe utaingia upime? Kanionyesha picha za hipsi zake kwenye gauni la harusi ya dada yake. Zimekaa vizuri kweli.